Kilima Nilichokiongeza kwenye Ramani

Mpaka leo nikipita mahali wanapofungua marobota ya mitumba, ile harufu ya dawa ya nondo hunipiga puani. Wengine wakiisikia hufikiria suruali ya bei nafuu. Mimi hufikiria sururu. Shangazi yangu Theresia alikuwa anauza mitumba katika minada ya Katesh, tangu miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye kuku watatu akajiita mfanyabiashara, na marobota yake aliyahifadhi nyumbani kwetu Gendabi, ndani ya tembe la zamani la bibi. Lilikuwa tembe hasa, la kuta za udongo na paa bapa la udongo, nusu yake imezama ardhini kama walivyojenga wazee wetu kule Maretadu, juu Mbulu, kabla babu hajashuka nyanda za Hanang kutafuta shamba. Baba alipojenga nyumba ya bati, tembe likageuzwa ghala. Humo mlikuwa na ubaridi na giza hata saa sita mchana, panya wanakimbizana juu ya magunia, na harufu ya dawa ya nondo imelalia harufu ya maharage. Kazi yangu siku za likizo ilikuwa kuchambua: sweta huku, soksi kule, na vitu visivyojulikana pembeni. Ndipo siku moja, katikati ya robota la nguo za watoto, nikakuta boksi la karatasi ngumu lililopasuka pembe.

Ndani kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichochanika nyuma, penseli mbili zilizotafunwa na mtoto wa nchi nisiyoijua, na mfuko wa dadu. Dadu za kawaida nilizijua, zile za pande sita ambazo vijana walichezea kamari mnadani wakikimbia mgambo. Hizi zilikuwa nyingine kabisa. Moja ilikuwa na pande nne, nyingine nane, na moja, ya rangi ya damu ya mzee, ilikuwa na pande ishirini, kila upande na namba yake. Niliiviringisha juu ya gunia nikahisi mwili unanisisimka. Shangazi alitazama akasema havina mnunuzi, nichukue. Nilichukua mbio kabla hajabadilisha mawazo, maana namjua.

Kitabu kilitushinda mpaka Fabiano, mtoto wa shangazi aliyekuwa kidato cha pili, alipokuja na kamusi yake. Alichukua siku nne kutufafanulia, kwa maringo mengi, kwamba ule ni mchezo wa kusimulia. Hauna ubao wala mshindi. Kila mchezaji anajitengenezea mtu wake, shujaa au mganga au mwizi, anamwandikia kwenye karatasi nguvu zake na udhaifu wake, kisha watu hao wanasafiri pamoja ndani ya hadithi. Ukitaka kuruka korongo au kupigana na jitu, unatupa dadu, na namba ndiyo inayoamua kama umevuka au umevunjika mguu. Mmoja wenu hana mtu wake. Yeye ndiye anayesimulia, anachora ramani, anajua kilichofichwa wapi. Sisi tulimwita mwenye nchi. Sikumwachia mtu yeyote nafasi hiyo. Nilikuwa darasa la sita, na mwaka ule ramani zilikuwa ugonjwa wangu, kwa sababu mkoa wa Manyara ulikuwa umetoka kukatwa kutoka Arusha na ramani ya ukutani darasani ilikuwa imepitwa na wakati. Mwalimu alitugawia karatasi tuchore mkoa mpya. Yangu ndiyo iliyobandikwa ofisini. Kwa hiyo nilijiona mtu wa kukata mipaka.

Wa tatu wetu alikuwa Gidamis, jirani yetu, mtoto wa Kibarabaig niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya korongo, ndani ya uzio wa miiba, na mifugo yao ilikunywa maji pale pale tulipochota sisi. Baba zetu walisalimiana kwa heshima na kugombana kwa heshima, kila ng'ombe wao walipoingia kwenye mahindi yetu au jembe letu lilipoongeza matuta mawili kwenye njia yao ya malisho. Gidamis alikuwa mtu wa maneno machache. Wenzetu walimwona mjinga kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kizito. Mimi nilijua kwamba anapima tu. Kwenye mchezo alijitengenezea mchunga ng'ombe anayeweza kuita mvua, akamchora na fimbo ndefu, na hakuwa tayari kumpa udhaifu wowote mpaka Fabiano alipomlazimisha. Akaandika: anasahau kucheka.

Kitabu kilisema jambo la kwanza kabla ya yote ni kuchagua nchi ambayo safari itafanyika. Sura iliyoeleza nchi hiyo ndiyo iliyochanika, zikabaki picha mbili za majumba ya mawe na theluji. Tulibishana michana mitatu mfululizo. Fabiano alitaka theluji. Nilimuuliza theluji inanukaje, inalia vipi ukiikanyaga, akashindwa, nikamwambia basi hatuwezi kuisimulia. Gidamis alitaka uwanda usio na mwisho, nyasi mpaka magotini, bila shamba hata moja. Fabiano akamcheka, akasema hiyo siyo hadithi, hayo ni malalamiko ya baba yake. Nikaona ugomvi unakuja, nikakata shauri kama mwenye nchi: tutacheza hapa hapa. Mlima Hanang tutaupa jina jingine, korongo letu litakuwa mpaka wa falme mbili, Gehandu, kijiji cha jirani, patakuwa na msitu wa majitu, na kule juu Mbulu watakaa wafalme wa mawingu. Kila kitu tunachokijua kwa miguu yetu, ila kimegeuzwa kidogo. Wote wawili walisogea karibu, na nilijua nimewapata.

Gidamis akasema, "Sawa. Lakini kile kilima kiache."

Sikuhitaji kuuliza kilima gani. Nyuma ya kwao, mahali nyasi zinapoanza kuteremkia mbugani, kulikuwa na kichuguu kikubwa cha udongo kilichozidi kimo cha mtu, kimeanza kuota nyasi, na miti michache imekizunguka. Pale alizikwa babu yake. Wabarabaig hawamziki kila mtu hivyo. Ni mzee wa heshima tu, na msiba wake huchukua miezi, ukoo mzima unakuja, udongo unapandishwa kidogo kidogo mpaka kaburi linasimama. Nilikuwa mdogo wakati ule lakini nakumbuka watu waliotiririka kupita shambani kwetu, na baba akikataza tusiwachungulie. Huko uwandani makaburi ya namna hiyo yalikwisha pitiwa na matrekta ya mashamba ya ngano, na wenyewe wakabaki kuonyesha kwa kidole mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo nilimwelewa. Nilimwambia, "Nimesikia, kitaachwa." Na nilikusudia hivyo. Nataka hilo lieleweke, ingawa halinisaidii.

Ramani niliichora kwenye ubavu wa ndani wa mfuko wa saruji, karatasi nzito ya kahawia, kwa wino na kwa maji ya majani ya chai ili ionekane ya kale. Niliweka mito, mapango, alama za kutisha, na maneno ya Kiingereza niliyoyanakili kutoka kitabuni bila kuyaelewa. Wiki mbili tulicheza ndani ya tembe na sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Mchungaji wa Gidamis aliita mvua ikazima moto wa majitu. Fabiano aliibiwa na kobe. Tulicheka mpaka shangazi akatupigia ukuta. Lakini safari inataka mwisho, na mwisho unataka mahali, na mimi nilikuwa nimekwisha tumia mapango yote. Kila nilipoitazama ramani, macho yalikwenda pale pale patupu, nyuma ya ufalme wa wafugaji. Patupu palinichokoza. Alasiri moja nikiwa peke yangu nilichora kilima, nikakizungushia miti yake, nikaweka alama ya msalaba, nikaandika: Hazina ya Mfalme. Nilijisemea kwamba nitamwonyesha Gidamis siku ya mwisho, naye ataona fahari kwamba babu yake amekuwa mfalme. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na kalamu mkononi.

Aliyeiona kwanza hakuwa Gidamis. Ilikuwa mjomba Amsi, mdogo wake mama, aliyekuwa amerudi kutoka Mererani baada ya miaka mitano ya kuchimba tanzanite. Alirudi na kikohozi, sururu, na hadithi za watu waliolala maskini wakaamka na magari. Alikaa kwetu akila kimya, na baba alikuwa anahesabu matonge yake kwa macho. Alikuta ramani imetandazwa juu ya gunia, akachuchumaa mbele yake muda mrefu. Kwetu kila mtu alijua habari za mali za Wajerumani: kwamba walipokimbia walifukia masanduku, na kwamba kuna ramani zenye alama za msalaba na nyoka na mshale, na kwamba fulani wa kijiji fulani alipata, ndiyo maana ana mashine ya kusaga. Mjomba aligusa msalaba wangu kwa kucha.

"Hii umeitoa wapi, Paskalina?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

Nilipaswa kusema ni mchezo. Neno moja tu. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kuchuchumaa mbele ya kitu nilichokifanya akakitazama hivyo, na niliona raha. Nikamwambia, "Iko kwenye kitabu cha Kizungu, mjomba, kilitoka kwenye robota." Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyochimba shimo. Hakuuliza zaidi. Kesho yake ramani haikuwepo. Nilidhani panya, nikamshuku Fabiano, kisha usiku mmoja wakati wa kula nikaona kipande cha karatasi ya kahawia kikichungulia kwenye mfuko wa koti la mjomba. Siku tatu nilikaa na hofu hiyo. Nilijiambia ataona aibu mwenyewe. Nilijiambia ni mtu mzima, atajua wino wa shule. Niliogopa kumwambia baba kwa sababu angemfukuza, na mama angelia, na yote yangekuwa juu yangu.

Siku ya mnada kijiji kilihama. Wanaume wa pande zote waliswaga mifugo kwenda Katesh tangu alfajiri, baba na mama wakaondoka na maharage, shangazi na Fabiano na marobota. Mimi niliachwa kugeuza mahindi yaliyoanikwa. Mjomba alisema mgongo unamsumbua. Saa tatu hivi nikamwona akitoka na rafiki yake wa Gehandu, mtu wa kofia ya sufi aliyekuwa naye Mererani, wamebeba gunia refu lenye mpini wa sururu umetokeza. Hawakushika njia ya Katesh. Waliteremka korongoni. Niliyaacha mahindi, nikaingia tembeni nikachukua boksi zima, kitabu na dadu, nikakimbia nyuma yao nikiwa bado na fagio mkononi. Sikumbuki nililitupa wapi.

Nilipowafikia walikuwa wamekwisha fungua ubavu wa kilima. Udongo wa ndani ulikuwa mweusi na laini. Nilipiga kelele kwamba ni mchezo, ni mimi niliyechora, ni maji ya chai. Nikatoa kitabu, nikamwaga dadu mbele ya miguu yake. Mjomba aliiokota ile nyekundu ya pande ishirini, akaigeuzageuza kwenye jua, akamwonyesha mwenzake.

"Unaona?" alimwambia. "Hata kipimo cha Wajerumani kimo."

"Mjomba, humu amezikwa mtu! Babu yake Gidamis!"

"Wewe toto, Mjerumani angeficha wapi?" alisema. "Si mahali ambapo watu wanaogopa kuchimba? Rudi nyumbani."

Nilitazama uso wake nikajua hatanisikia, kwa sababu hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama miaka mitano ya Mererani. Nikakimbia tena. Gidamis alikuwa mbugani na ng'ombe wa maziwa na ndama walioachwa, na aliponiona nakuja bila kanga ya kichwani alisimama. Nilimwambia yote, pumzi zinanikata. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye msalaba nilionyamazia wiki nzima, macho yake yalibadilika, na hilo ndilo nililoliogopa kuliko mikuki yote ya ukoo wao.

"Nilikwambia kiache," alisema.

"Ulisema."

"Nenda kwetu. Mwambie mama. Mwenyewe mwambie." Akapiga mluzi, akaanza kuwaswaga ng'ombe kuelekea kilimani, akikimbia.

Wanaume wote wa kwao walikuwa mnadani, na hilo nililishukuru na kuliogopa kwa pamoja. Nikapita lango la miiba. Mama yake Gidamis alikuwa anakanda ngozi kivulini, bangili za shaba zimempanda mpaka kiwikoni. Na kwetu, hata nyumba ikiwaka moto, mtoto haanzi na habari. Nilisimama nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Akaniuliza mama hajambo, nikasema hajambo. Akaniuliza baba, akaniuliza shangazi, akaniuliza ng'ombe wetu wawili wa jembe na mahindi kama yamekauka, na kwa kila swali nilijibu vizuri, mikono nyuma, huku masikio yangu yakisikia sururu. Alipomaliza akanikazia macho. Ndipo nikasema. Nilisema mjomba wangu anachimba kilimani, na kwamba anachimba kwa sababu mimi nilichora.

Hakupiga kelele wala hakunipiga. Aliweka ngozi chini, akachukua fimbo yake iliyoegemezwa ukutani, akatoka mpaka langoni akaita kwa sauti nyembamba ndefu, mara mbili. Wanawake wakatokea nyumba za jirani, wazee kwa vijana, kila mmoja na fimbo, sketi zao za ngozi zikipiga magotini. Walikuwa labda kumi na wawili. Hawakukimbia. Nilitaka kuwavuta kwa mikono wakimbie, lakini walitembea kwa mwendo mmoja, nami nikawa nyuma yao nalia.

Tulikuta ng'ombe wamejaa kuzunguka kilima. Gidamis alikuwa amekaa juu yake, amekumbatia magoti, na mjomba amepanda nusu, amemkamata mguu anamvuta. Sururu ilikuwa mkono wa pili, imeinuliwa. Sidhani alitaka kumpiga. Nimelifikiria miaka yote hii na bado sidhani. Lakini sururu iliinuliwa juu ya mtoto mbele ya mama yake, na wanawake wote waliiona. Yule wa kofia ya sufi aliona fimbo kumi na mbili zinakuja akapotea kwenye vichaka, hata kofia aliiacha. Mjomba alishusha mkono taratibu. Wabarabaig wana baraza la wanawake, na kila mtu wa nyanda zile anajua kwamba likikaa kwa ajili ya mwanamume, mwanamume huyo haongei mpaka aulizwe. Walikaa pale pale kwenye nyasi, duara, na yeye akakaa katikati bila kuambiwa.

Mama yake Gidamis aliichukua ramani kutoka mfukoni mwa koti la mjomba. Hakujua kusoma. Aliigeuza, akaitazama upande na upande, kisha akaniita mimi. "Hii ni nini?"

"Ni mchezo, mama."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kutafuta hazina."

Akaweka kidole kwenye msalaba wangu. Mwanamke wa Kibarabaig halitaji jina la baba mkwe wake, hata akiwa amekufa, kwa hiyo alisema, "Na hapa ulijua pana mwenyewe?"

"Nilijua."

"Ulijua," alirudia, akanirudishia karatasi. Hakuniuliza kitu kingine, siku hiyo wala baadaye, na afadhali angenichapa.

Baba alirudi jioni na chumvi na sukari akakuta hukumu imekwisha: dume jeusi, na asali ya kutengenezea pombe ya kutuliza mahali pale. Mjomba hakuwa na kitu zaidi ya sururu. Dume jeusi pekee lililokuwa karibu lilikuwa letu, mmoja wa wale wawili wa jembe, aliyeulizwa hali asubuhi ile ile. Wanaume wa Gidamis waliporudi na mikuki wakakuta wanawake wamekwisha maliza jambo, na jambo lililomalizwa na wanawake halifunguliwi. Ndiyo sababu mjomba wangu yu hai. Baba aliniita nje. "Uliambiwa paachwe?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Ukachora?" Nikasema ndiyo. Akaenda kumpa yule ng'ombe maji kwa mkono wake, na asubuhi akamwongoza mwenyewe kuvuka korongo. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine, na kila mara baba aliponikuta nimesimama kupumzika alikuwa ananipita na jembe lake. Mjomba aliondoka wiki ile ile kurudi Mererani. Mama alimlilia, nami nilijua analia kwa sababu yangu.

Siku ya pili baada ya baraza lile Gidamis alikuja mlangoni pa tembe. Nywele zake zilikuwa na udongo bado, maana yeye na mama yake walirudishia shimo kwa mikono. Aliweka karatasi yake juu ya gunia, yule mchungaji mwenye fimbo ndefu anayesahau kucheka. "Kaa naye," alisema, akaondoka. Tulikaa dawati moja mpaka tulipomaliza darasa la saba, tukisaidiana hesabu, na hatukuzungumza habari ile hata mara moja. Nilichukua wembe wa shangazi wa kufumulia nguo nikakata kile kilima kutoka kwenye ramani. Kipande nilikifukia. Ramani ilibaki na tundu, nikaitia kwenye boksi pamoja na kitabu na dadu nilizookota kilimani, hata ile nyekundu aliyoiangusha mjomba.

Sasa ninaishi Babati na kwa ajabu ya Mungu ninalipwa kuchora ramani, za matumizi ya ardhi za vijiji. Vijana ninaofanya nao kazi wana simu zinazojua walipo kuliko wanavyojijua wenyewe. Wanataka kufika asubuhi, kutembea na kifaa mpakani, na kuondoka kabla ya chai. Mimi siku ya kwanza sifungui begi. Ninawasalimia watu, ninajibu maswali yote ya nyumbani, kisha ninauliza ni wapi pana mwenyewe, na ninatembezwa kwa miguu kuonyeshwa. Wananicheka, wanasema mama anachelewesha kazi. Siwaelezi. Zamani mtu aliyetaka kuliweka kaburi la watu kwenye karatasi alihitaji mfuko wa saruji na majani ya chai. Siku hizi anagusa kioo tu, na picha ya kutoka angani inamwonyesha kila kichuguu cha Hanang. Kile cha Gendabi kipo. Nimekitafuta kwenye simu yangu mara nyingi kuliko nitakavyokiri, kidoa kidogo chenye miti, shamba limekisogelea pande tatu lakini halijakigusa.

Mwezi uliopita mwanangu alifukua lile boksi kabatini. Yeye na wenzake wamezoea michezo ya simu ambamo nchi imekwisha tengenezwa, lakini dadu ya pande ishirini iliwashika kama ilivyonishika mimi. Waliketi sebuleni wakabishana wachague nchi gani, theluji au jangwa au sayari nyingine, kisha mwanangu akatandaza karatasi ya kahawia akasema, "Tuchezee hii ya mama. Ni kwa bibi, si ndiyo? Mbona hapa pamekatwa?" Mikono yangu ilikuwa na unga nikasimama nao hivyo hivyo. Nikamwambia pale pana mwenyewe, na kama wanataka kuichezea nchi ile ni lazima waombe. Nikampa namba ya Gidamis, ambaye siku hizi ana mifugo yake mwenyewe na wajukuu wa ng'ombe wale wale, na ambaye huwa tunapigiana naye simu Krismasi na kwenye misiba.

Mwanangu aliweka sauti ya simu nje. Alisema shikamoo mjomba, akaulizwa shule, akaulizwa baba, akaulizwa mvua ya Babati, akajibu yote vizuri. Kisha akaeleza: wanataka kucheza safari katika ramani ya mama, na pana mahali pamekatwa, na mama amesema waombe. Nilisikia kengele za ng'ombe wake. Nilikuwa nimeshika mimba ya maneno tangu darasa la sita.

"Chezeni," Gidamis alisema hatimaye. "Lakini kile kilima kiacheni. Na muulize mama yako kama safari hii amesikia."

Watoto wote wakanigeukia. Nikainama kwenye simu, unga ukimwagika juu ya ramani, nikasema nimesikia.